Mwongozo Kamili wa Kufunga Pampu ya Kutoa Maji Kwenye Besimenti

Nyumba nyingi za Kanada na za majimbo ya Marekani yenye baridi kali, kama Ohio, Michigan, Iowa na Minnesota, zimejengwa juu ya besimenti, yaani chumba kizima kilichochimbwa chini ya ardhi, ambamo hukaa tanuri la kupasha nyumba joto, tangi la maji ya moto, mashine ya kufulia na kila kitu ambacho familia imekosa pa kukiweka. Chanzo cha vyumba hivi ni baridi yenyewe: msingi wa nyumba hauna budi kushuka chini ya kina ambacho udongo huganda, na wajenzi wakishachimba mita moja au zaidi huona heri waendelee kidogo wapate na chumba. Theluji inapoyeyuka mwezi Machi na Aprili, au mvua kubwa inaponyesha juu ya udongo ambao tayari umeshiba, maji hujikusanya kuzunguka kuta hizo na kupenya palipo na mwanya. Kwa sisi tuliokulia katika nyumba zinazoinuliwa kwenye msingi ili maji yapite zake, tatizo hili ni geni, na fundi wa kulitatua ana bei kubwa.

Kazi ya kufunga pampu inaweza kufanywa na mwenye nyumba aliyezoea kushika zana, akisaidiwa na mtu mwingine mmoja, isipokuwa sehemu ya umeme. Ijulikane mapema, hata hivyo, kwamba pampu yenyewe ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Chumba kitakaa kikavu au la kutegemea jinsi maji yanavyofika kwenye shimo la pampu, linalochimbwa katika sakafu ya besimenti, na mahali yanapokwenda yakishatolewa, na huko ndiko mwongozo huu utakakokaa zaidi. Aliyepanga nyumba asivunje sakafu ya mtu. Amwandikie mwenye nyumba, aambatanishe picha, na ahifadhi nakala.

Kutambua chanzo cha maji

Si kila unyevu unahitaji pampu. Chukua kipande cha nailoni chenye upana wa sentimita 50 hivi, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasiwe na upenyo, kisha ukiache kwa siku mbili. Matone yakionekana upande wa nailoni unaotazama chumbani, maji hayo yametoka hewani: hewa ya joto imegusa ukuta wa baridi, na dawa yake ni mashine ya kukausha hewa pamoja na madirisha kufungwa wakati wa joto la kiangazi. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, ukuta unapitisha maji kutoka nje.

Kabla ya kununua chochote, zunguka nyumba mvua inaponyesha. Magata ya paa yaliyoziba majani humwaga maji mguuni mwa ukuta, na bomba la kushushia maji ya mvua likiishia hapo hapo linafanya vivyo hivyo. Zibua magata, ongeza urefu wa mabomba hayo hadi maji yamwagike angalau mita mbili kutoka ukutani, na uhakikishe kwamba udongo unainamia nje: kipimo kinachotumika sana katika kanuni za ujenzi za Marekani ni mteremko wa inchi 6 katika futi 10 za kwanza, sawa na sentimita 15 katika mita 3. Wapo waliokwisha kukodi mashine ya kuvunjia zege kumbe walihitaji ngazi na glavu tu.

Maji yakiendelea kuingia baada ya hapo, angalia yanapotokea. Yakichuruzika kwenye kiungo cha ukuta na sakafu, au yakipanda kupitia nyufa za sakafu siku moja au mbili baada ya mvua, kiwango cha maji ya ardhini kimepanda juu ya sakafu, na pampu ndiyo jibu. Yakitoka kwenye tundu la kutolea maji machafu, tena yakiwa na harufu, huo ni mfereji wa maji taka unaorudisha. Hiyo ni kazi ya fundi bomba mwenye leseni, na pampu inayoelezwa hapa haitasaidia.

Kabla ya kuvunja sakafu

Uliza ofisi ya majengo ya mji wako kama kibali kinahitajika. Sehemu nyingi hutaka kibali cha mabomba, cha umeme, au vyote viwili, na ofisi hiyo hiyo ndiyo itakayokwambia maji yanaruhusiwa kumwagwa wapi. Kama bomba la nje litafukiwa, piga simu namba 811 siku kadhaa kabla ya kuchimba ikiwa uko Marekani, na wahusika watakuja bila malipo kuweka alama juu ya nyaya na mabomba yao. Wao, hata hivyo, huonyesha njia za mashirika tu, si mabomba ya ndani ya nyumba yako. Bomba la maji taka lililo chini ya sakafu utalikisia mwenyewe: tafuta bomba kubwa la wima linaloshuka kutoka vyooni na kifuniko cha kuzibulia, kwa kawaida karibu na ukuta unaotazama barabara, kisha ukae mbali na mstari unaounganisha viwili hivyo. Ukiona maandishi au bamba linalosema kwamba sakafu imekazwa kwa nyaya za chuma, au ukijua kuna mabomba ya kupasha sakafu joto, usikate, mwite mtaalamu.

Umeme nao uandaliwe sasa. Pampu inahitaji soketi yake yenyewe ya volti 120, yenye njia yake kutoka kwenye boksi la breka, ya ampea 15 au 20 kadiri maelezo ya pampu yanavyotaka, na yenye kinga inayokata umeme papo hapo unapovuja kwenye maji, ile inayojulikana kwa herufi GFCI. Soketi ifungwe juu ukutani, pale ambapo maji hayatafika hata chumba kikifurika, na karibu kiasi kwamba waya wa pampu utaifikia bila kuungwa. Waya wa kuongezea urefu usitumike kamwe. Kazi hii apewe fundi umeme mwenye leseni.

Kuchagua pampu

Ziko aina mbili. Pampu ya mguu mrefu huweka mota juu ya shimo na sehemu ya kuvuta maji chini. Ni nafuu na mota yake hufikika kwa urahisi, lakini ina kelele na hairuhusu shimo kufunikwa vizuri. Pampu ya kuzama hukaa yote ndani ya maji, ambayo huipoza mota na kumeza sauti yake. Kwa nyumba ya kuishi, nunua ya kuzama, na ukiweza upate yenye gamba la chuma cha kusubu, kwa sababu linatoa joto vizuri kuliko plastiki.

Nguvu ya theluthi moja ya farasi, karibu wati 250, inazitosha nyumba nyingi. Nusu ya farasi inafaa palipo na maji mengi au urefu mkubwa wa kupandisha. Usiishie kusoma nguvu ya mota. Kwenye boksi kuna jedwali linaloonyesha pampu inatoa maji kiasi gani kwa kila urefu, na hapo ndipo ukweli ulipo, maana kiasi hupungua kadiri maji yanavyopandishwa. Pima kutoka sakafu ya shimo hadi pale bomba litakapotokea ukutani, ongeza kidogo kwa ajili ya kona, kisha usome safu ya urefu huo.

Kama nyumba tayari ina shimo, unaweza kupima mwenyewe maji yanayoingia. Mvua ikiwa imekolea, zima pampu, simamisha rula ndani ya shimo na utazame saa kwa dakika moja. Katika shimo la mviringo lenye kipenyo cha inchi 18, kila inchi moja ya maji ni lita 4 na kitu. Lenye kipenyo cha inchi 24, ni lita 7 na nusu hivi. Maji yakipanda inchi 5 kwa dakika kwenye shimo la inchi 18, unapokea zaidi kidogo ya lita 20 kwa dakika, na pampu itakayotoa mara mbili ya hapo kwa urefu wako itakutosha. Pampu kubwa kupita kiasi ina kasoro yake: hunyonya shimo kwa sekunde chache, huzima, huwaka tena, na kuwaka na kuzima huko ndiko kunakoua mota.

Kuchimba shimo

Mahali pazuri ni kwenye kona iliyo chini kuliko zote, karibu na ukuta wa nje utakaotobolewa. Mwaga maji kidogo sakafuni uone yanakimbilia wapi. Usichimbe ukiwa umebanana na ukuta, kwa sababu msingi umetokeza kuelekea ndani chini ya sakafu, na kuondoa udongo ulioushikilia ni kuihatarisha nyumba. Acha angalau sentimita 40 kati ya ukuta na ukingo wa shimo. Ukikuta zege la msingi hata hapo, sogea zaidi.

Pipa la plastiki linalouzwa kwa kazi hii huwa na kipenyo cha inchi 18 na kina cha inchi 22 hadi 24, yaani takriban sentimita 45 kwa 60. Chora duara lenye upana wa sentimita 75, ili ubaki na sentimita 15 za kokoto kila upande. Sakafu ya besimenti kwa kawaida ni zege la inchi 4 hivi. Toboa matundu kwa drili ya kupiga ukifuata duara, kisha umalizie kwa mashine ya kukodi ya kuvunjia zege. Vumbi la zege huharibu mapafu, kwa hiyo vaa barakoa ya N95 au bora kuliko hiyo, miwani na vizuia kelele, na uzibe matundu ya hewa ya tanuri la joto ili vumbi lisisambazwe nyumba nzima.

Chimba hadi sentimita 75 kutoka juu ya sakafu. Udongo utakaotoka ni karibu theluthi moja ya mita ya ujazo, ambayo ikiwa imelowa huzidi nusu tani, na yote inapanda ngazi kwa ndoo. Hapa ndipo yule msaidizi anapohitajika. Tandika kitambaa cha kuchuja udongo pembeni na chini, mwaga sentimita 15 za kokoto zilizooshwa, kisha uweke pipa na kulipima kwa pima maji hadi mdomo wake ulingane na sakafu. Pipa liwe na matundu ubavuni, au ulitoboe mwenyewe, ili maji yaliyo chini ya sakafu yaingie. Jaza kokoto pande zote ukiacha inchi 4 za juu kwa ajili ya zege jipya. Kitambaa kisiachwe: bila hicho, matope laini hupenya kokoto na kujaza pipa.

Sasa swali ambalo wauzaji wengi wa pampu hawaligusi. Kama chini ya sakafu kuna tabaka la kokoto, kama ilivyo katika nyumba nyingi za miongo ya karibuni, maji ya chumba kizima yataliendea shimo moja bila shida. Kama sakafu imemwagwa moja kwa moja juu ya udongo wa mfinyanzi, shimo litakausha kona yake tu na upande wa pili utaendelea kulowa. Utaijua hali yako wakati unachimba. Ukikuta mfinyanzi, itabidi kukata mfereji kando ya kuta zenye maji na kulaza bomba la inchi 4 lenye matundu, likiwa limezungukwa na kokoto na kuteremka taratibu hadi kwenye pipa. Kazi hiyo ni kubwa mara kadhaa kuliko shimo peke yake, na ni heri ujue gharama yake kabla ya kufunika sakafu kuliko baada.

Kufunga pampu na bomba

Osha pipa, toa kila kipande cha zege, kisha weka tofali moja bapa chini ili pampu isikae juu ya mchanga na kuufyonza. Pampu isimame wima, na boya lake, ambalo huiwasha maji yanapopanda na kuizima yanaposhuka, lipande na kushuka bila kugusa ukuta wa pipa, waya au bomba. Boya lililokwama ni miongoni mwa sababu za kawaida za besimenti kufurika huku pampu ikiwa nzima. Katika pipa jembamba, boya linaloteleza juu ya fimbo ya wima ni salama kuliko lile linaloning'inia kwenye waya wake. Lirekebishe ili pampu iwake kabla maji hayajafika kwenye mdomo wa bomba linaloleta maji kutoka kwenye kuta.

Bomba la kutolea maji ni PVC ya inchi moja na nusu, na lisipunguzwe popote njiani. Kwenye mdomo wa pampu funga kiungio cha nyuzi kilichozungushiwa utepe wa teflon, kisha upandishe bomba. Toboa tundu la milimita 3 hadi 5 kwenye bomba hilo, juu kidogo ya pampu na chini ya vali ya kuzuia maji kurudi, inayoelezwa hapa chini, likiwa limeinama ili mchirizi wake urudi shimoni. Maelezo ya pampu yatakuambia ukubwa wake kamili, na baadhi ya pampu zina tundu hilo tayari. Kazi yake ni kutoa hewa iliyonaswa chini ya vali. Lisipokuwepo, pampu inaweza kunguruma bila kupandisha tone, na mwenye nyumba akadhani imekufa.

Vali ya kuzuia maji kurudi hufungwa juu ya usawa wa sakafu, mahali pa kufikika, mshale wake ukielekea juu. Bila vali hiyo, kila pampu inapozima, maji yote yaliyomo kwenye bomba la wima hurudi shimoni: bomba la inchi moja na nusu hubeba lita 1.3 kwa kila mita, kwa hiyo mita 3 zinarudisha takriban lita 4 za kutolewa upya kila mara. Chagua vali yenye viungio vya mpira na vibano vya skrubu, maana siku ya kubadilisha pampu utafungua vibano viwili badala ya kukata bomba.

Viungo vingine vyote hugundishwa. Kata bomba kwa pembe mraba, ondoa mabaki ya kukatia, unganisha kwanza bila gundi na kuweka alama kwa kalamu. Kisha paka dawa ya kusafishia, paka gundi pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha robo mzunguko, na ushikilie kwa nusu dakika. Mvuke wa vitu hivi hushika moto, na ndani ya besimenti mara nyingi kuna tangi la maji ya moto linalotumia gesi na lenye mwali unaowaka. Zima mwali huo, fungua madirisha, na usiuwashe tena mpaka harufu iishe.

Maji yanakokwenda

Tundu la kutokea hutobolewa kwenye ubao wa pembeni unaokaa juu ya ukuta wa zege, usiguse nguzo wala nyaya. Ziba nafasi iliyobaki kwa silikoni nje na ndani. Kuanzia hapo bomba literemke bila bonde lolote, hadi angalau mita 3 kutoka nyumbani, mahali ambapo ardhi inaendelea kuteremka. Maji yakimwagwa karibu yatazunguka na kurudi chini ya sakafu, na pampu itakuwa inasukuma maji yale yale usiku kucha.

Usiyaelekeze kwa jirani, wala kwenye njia ya waenda kwa miguu ambapo yataganda na kuangusha watu. Kuyaunganisha na mfereji wa maji taka kumepigwa marufuku katika miji mingi, kwa sababu mvua ikinyesha maelfu ya pampu hulemea mitambo ya kusafishia maji. Mwezi Januari mdomo wa bomba unaweza kuziba kwa barafu; kwa hiyo funga karibu na ukuta kiungio chenye mianya, ambacho kitaruhusu maji yatoke hapo badala ya kuirudia pampu. Kumwagika mguuni mwa ukuta kwa siku chache ni afadhali kuliko mota kuungua.

Jaribio, kisha zege

Jaribu kabla ya kuziba sakafu. Chomeka pampu, mwaga ndoo za maji shimoni mpaka boya lipande, na umwombe mwenzako asimame nje. Pampu iwake yenyewe, itoe maji, izime yenyewe, na usikie vali ikijifunga kwa mlio mfupi. Pitisha mkono mkavu kwenye kila kiungo. Bonyeza kitufe cha kujaribia cha soketi uone kama umeme unakatika, kisha urudishe. Baada ya hapo changanya zege, jaza pembezoni mwa pipa na ulisawazishe kwa mwiko.

Mfuniko uwe wa kufungwa kwa skrubu na kuzungushiwa silikoni, si bamba la kuegesha tu. Zaidi ya kuzuia harufu na watoto, shimo hili ni njia ya gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu na inayosababisha saratani ya mapafu. Nunua kipimo cha radoni baada ya kumaliza. Kiwango ambacho serikali ya Marekani inashauri mtu achukue hatua ni pikokiuri 4 (kizio cha kupimia mionzi) kwa lita ya hewa.

Umeme unapokatika

Dhoruba inayoleta maji ndiyo inayoangusha nguzo za umeme. Kwa maoni yangu, mwenye besimenti yenye vitu vya thamani ambaye hana pampu ya akiba hajamaliza kazi. Ya betri hutumia volti 12, hufungwa shimoni humo humo boya lake likiwa juu kidogo ya lile la pampu kuu, na betri iwe ya kuvumilia kuishiwa na kujazwa mara kwa mara, si ya kuwashia gari. Iko pia inayoendeshwa na msukumo wa maji ya bomba ya mjini. Haihitaji umeme, lakini haina faida kwa mwenye kisima, huongeza bili ya maji, na hutakiwa kuwa na kinga ya kuzuia maji machafu yasiingie kwenye maji ya kunywa. King'ora cha maji, kinachogharimu kidogo sana, kiwekwe kwa vyovyote.

Tazama pia bima yako. Bima ya kawaida ya nyumba nchini Marekani hailipii mafuriko, na mara nyingi haigusi maji yanayofurika kutoka kwenye shimo la pampu mpaka uongeze kipengele hicho kwa maandishi.

Matunzo

Kila baada ya miezi mitatu, na hasa kabla ya theluji kuyeyuka, mwaga ndoo ya maji na uitazame pampu ikifanya kazi. Mara moja kwa mwaka chomoa umeme, itoe, safisha kichujio cha chini, zibua lile tundu dogo la bomba na ukombe matope. Ute mwekundu wa kutu unaoganda shimoni ni wa bakteria wanaokula chuma kilichomo kwenye maji. Palipo na ute huo safisha mara nyingi zaidi. Pampu inayokaribia miaka 10 ibadilishwe ingali hai.

Ikitokea besimenti imekwisha kufurika, usikanyage maji kabla umeme haujakatwa kutoka nje ya chumba. Maji yakiwa yamejaa kimo kikubwa, usiyatoe yote kwa mkupuo: udongo wa nje bado umejaa maji na unasukuma kuta, na maji ya ndani ndiyo yanayouzuia msukumo huo. Ushauri unaotolewa na mamlaka za Marekani ni kutoa karibu theluthi moja kwa siku. Weka alama ukutani kila unaposimamisha pampu, na ukikuta asubuhi maji yamepanda juu ya alama, subiri siku nyingine kabla ya kuendelea.